Kuku wa nyama kwenye baridi ya Njombe

Uyole, Mbeya
18 Mei

Mama Upendo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wako shule, na viazi ndio vinatoka shambani. Nimepata ujumbe wako kwamba kikoba kimevunjwa, umepata mgao wako, na unataka kuagiza vifaranga 300 wa nyama waingie mwanzoni mwa Juni. Nimefurahi mno. Ila Juni hapana, mwenzangu. Nisikilize kwanza, ndipo Baba Upendo apigilie hizo mbao.

Umeniuliza kama ni kweli kuku hawa hupigwa sindano za kukuza. Si kweli, na naomba umwambie hivyo kila atakayekutisha. Kasi yao imo kwenye mbegu, iliyochaguliwa kizazi kwa kizazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwafuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mbegu ya mwaka 2005, wakawapa chakula kilekile. Siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na wastani wa gramu 905, na yule wa 2005 gramu 4,202. Nikizisoma namba hizo hadi leo nashangaa.

Sasa shida yako wewe iko hapohapo. Nyama inakimbia, moyo na mapafu vinaachwa nyuma. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mwili unaopigwa na baridi unadai hewa nyingi zaidi ili ujipashe joto. Moyo wa kuku unasukuma hadi unazidiwa, maji yanajaa tumboni. Unamkuta kuku mnono, aliyekuwa wa kwanza kwenye chakula jana, amejiinamia, kilemba kimeingia rangi ya zambarau, anahema kwa shida. Ukimpasua, maji ya manjano yanamwagika. Wengi wanaokufa hivyo ni majogoo, tena wiki ya nne au ya tano, ukiwa umeshawalisha karibu chakula chote. Dawa ya kumrudisha hakuna. Anayekuuzia antibiotiki kwa tatizo hilo anakula hela yako bure.

Kwa hiyo mambo yako ni mawili, joto na hewa, na yanataka kwenda pamoja. Watu wa nyanda hizi wakisikia baridi wanaziba banda lote kwa turubai, wanawasha jiko la mkaa ndani, wanalala. Huko ni kuua. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mbolea iliyolowa inatoa ile inayochoma macho. Zote zinamnyima kuku pumzi. Wewe ziba upande wa chini, mpaka usawa wa kifua chako, ili upepo usiwapige vifaranga. Juu, chini ya paa, acha wazi usiku na mchana. Mkaa wa miwati huko kwenu upo, unakaa na moto muda mrefu; uwashie nje mpaka moshi uishe ndipo uingize jiko.

Siku za mwanzo joto la pale wanapokanyaga liwe kama nyuzi 32 au 33, kisha ulipunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga wenyewe wanasema. Wakirundikana kwenye jiko wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limewazidi. Wakitawanyika wakila na kulala hovyo, wako sawa. Usiku wa kwanza washike miguu: ukihisi ubaridi, ongeza moto hapohapo. Asubuhi papasa gole, kile kifuko cha chakula pale chini ya shingo, liwe limejaa na laini. Asiye na chakula humo hajapata joto la kumwamsha ale.

Maranda hutakosa, viwanda vya mbao vimekuzunguka. Tandika unene wa vidole vinne, na yakilowa kwenye chombo cha maji yatoe siku hiyohiyo, maana kuhara damu huanzia hapo.

Jambo ambalo majirani watalibishia: kuanzia wiki ya pili, zima taa usiku kwa muda wa saa 4 hadi 6 mfululizo, jiko likiwa bado na moto. Hapo wanapumzika, wanakua polepole kidogo na moyo unapata nafasi ya kuufikia mwili. Kwa Njombe mimi naona bora kuku apungue robo kilo kuliko afe.

Chanjo za magonjwa ya mdondo (kideri) na Gumboro fuata ratiba utakayopewa unakonunulia vifaranga, au muulize afisa mifugo wa kata. Maji ya chanjo yasiwe ya bomba lenye dawa.

Na hesabu: kuku mmoja mpaka wiki ya tano hula kama kilo 3 na nusu. Kuku 100 ni mifuko 7 ya kilo 50, na kwenye baridi inaweza kuzidi. Nakuomba uanze na 100 hao, mwezi Septemba, banda la mita 10 za mraba, mifuko yote ikiwa imeshalipiwa kabla vifaranga hawajafika. Miezi hii ya katikati zungukia wauza chipsi na gesti za mjini, ujue nani atachukua wangapi kwa wiki, maana kuku huyu akishatimia hangoji. Kila siku ya ziada anakula kingi na tumbo lake liko hatarini.

Niandikie vipimo vya banda na upande unaotokea upepo. Nikishavuna viazi nitapanda basi nije tukae wote zile siku tatu za mwanzo. Usiku tutapokezana kuamka.

Msalimie Baba Upendo na bibi.

Wako,
Mama Tumaini