Risala ya Klabu ya Afya ya Akili ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Upimaji Chuoni, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe mgeni wetu kwa kuacha shughuli za mkoa ukaja kuketi nasi chini ya miembe hii. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani ni tarehe 10 Oktoba, na wapo waliotuuliza mbona tumechelewa kufanya upimaji huu wa afya ya akili. Tarehe hiyo wengi wetu tulikuwa bado nyumbani tunaokota korosho. Wengine wakapendekeza wiki ya kabla ya mitihani. Tukaikataa pia, kwa sababu dodoso tunalotumia, PHQ-9, la kuchunguza dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, linauliza hali yako ya wiki 2 zilizopita: unalala, unakula, una hamu na mambo uliyozoea kuyapenda? Nani hapa chuoni analala vizuri mitihani ikikaribia? Tungeambiwa chuo kizima kinaumwa.

Dodoso lina maswali 9, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla yake 27. Anayefika 10 anaonana na mtaalamu. Hatusemi ana sonona. Hili ni chekeche tu, na kinachobaki juu yake kinahitaji jicho la mtu aliyesomea. Ila swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Atakayelijibu chochote zaidi ya sifuri ataonana na muuguzi leo hii, kabla hajatoka getini, hata kama yale 8 mengine yote amejaza sifuri.

Hapo ndipo tulipobishana sana. Wapo waliotaka tugawe karatasi madarasani, tukusanye, tuhesabu, tupate takwimu za kusoma mbele yako. Klabu ilikataa. Kumwuliza mtu kama anawaza kufa, kisha ukamwambia ahsante, rudi bwenini, ni ukatili. Kwa hiyo idadi ya watakaopimwa leo tumeipanga kwa kuangalia wataalamu uliokuja nao. Waliobaki watapimwa wiki ijayo, na tunawaomba radhi kwa kusubiri.

Jambo la pili ni aibu. Weka meza yenye bango la afya ya akili, hakuna atakayeisogelea. Kesho ataitwa chizi bwenini, na nyumbani wataulizana nani kamroga. Ndiyo maana kila anayeingia leo anapimwa uzito, anapimwa presha, kisha anapita nyuma ya pazia la kitenge kujaza dodoso. Aliye kwenye foleni hajui mwenzake kakawia kwa lipi. Karatasi haina jina, ina namba, na daftari la namba analishika muuguzi. Ofisi ya chuo hailioni. Tunalisema hili mbele ya Mkuu wa Chuo, naye ameliridhia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sababu za msongo ni nyingi, na nyingine ziko kila chuo: mapenzi, msiba, sapu (mtihani wa marudio), hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ya kwetu Kusini ni moja zaidi. Ada inadaiwa siku ya usajili, fedha ya mzazi iko ghalani, ni korosho zinazosubiri mnada. Bei ikishuka, mtoto anajua kabla baba hajapiga simu. Anaanza kukwepa kwenda kula na wenzake, akiulizwa anasema amefunga. Sisi tunaona kijana mcha Mungu tu, kumbe hana hata ya chai.

Changamoto nyingine ni sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwenzetu aliyewahi kujaribu anaogopa kutamka hata mbele ya muuguzi. Hilo halitaamuliwa chini ya miembe hii. Tunachoomba ni kwamba leo, kwa kinywa chako, uwaambie wanafunzi kuwa atakayesema ukweli nyuma ya pazia atapokewa kama mgonjwa.

Tunaomba pia muuguzi wa afya ya akili afike chuoni mara 2 kwa mwezi. Kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, kunahitaji nauli na ruhusa, na ruhusa inahitaji kueleza sababu kwa watu ambao mwanafunzi hataki wajue. Tunaomba mwenye rufaa ya leo apokewe hata kama bima yake haijalipiwa. Na wasimamizi wa mabweni wapatiwe mafunzo. Wao ndio wanaosikia mtu akilia saa 8 usiku, na hadi sasa wanachoweza ni kugonga mlango na kusema taa zimezimwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyumba viko tayari, na kwenye mizani tumekuandika wa kwanza. Ratiba yako ikiruhusu, tunaomba upite na nyuma ya pazia, wanafunzi wakikuona.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Klabu.