Pikapu ya umeme kwenye theluji, na gari lako la Malindi

Ikifika Desemba na Januari, simu ya gereji yetu huanza kupokea video za aina moja. Pikapu kubwa ya umeme, huko Kanada au Minnesota, imezama kwenye theluji hadi nusu ya tairi. Mwenyewe amejifunga skafu mpaka puani na anaelekeza kamera kwenye dashibodi: asubuhi iliandika kilomita mia nne na kitu, sasa hajamaliza hata mia mbili na betri inakata roho. Chini yake swali la mteja wetu: "Fundi, umeona haya? Mimi nikinunua la umeme si nitalala njiani Garsen?"

Hao wa kwenye video hawajatia chumvi. Yanayowapata ni kweli, ila karibu yote yanaletwa na baridi ambayo Malindi hatutaiona maishani. Tumeona tuyaandike hapa, kwa sababu mteja anayeogopa baridi ya Kanada mara nyingi husahau kuogopa kinachokula betri yake hapa hapa, gari likiwa limeegeshwa juani kutwa nzima.

Tuanze na hita, maana ndiyo mlaji mkubwa. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta yake kwa njia ya joto. Maji yanayoipoza injini hupitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, na dereva wa Minnesota anaota moto wa bure. Mota ya umeme haina joto la kugawa namna hiyo, kwani sehemu kubwa ya umeme inaopewa hugeuka mwendo. Kwetu hiyo ni sifa. Kwa mwenzetu wa kwenye theluji ni mtihani, kwa sababu joto lote analolitaka ndani ya gari lazima alitoe kwenye betri. Hita ya kawaida ya gari la umeme ni koili inayopata moto, na gari likiwa limelala nje kwenye barafu, mwanzoni hula kilowati 5 hadi 7. Ni sawa na kuchemsha mabirika matatu ya stima kwa pamoja, bila kuzima.

Pigeni hesabu. Ford F-150 Lightning, pikapu iliyoanza kuwafikia wateja Marekani mwaka 2022, ile ya betri kubwa ina kilowati-saa 131 (yaani yuniti 131 za stima), na kipimo rasmi cha safari yake kilifika maili 320, yaani kilomita 515 hivi. Kwa hesabu ya juujuu ni kilowati-saa 25 kwa kila kilomita 100. Akienda kilomita 100 kwa saa, mwendo unakula kilowati 25 na hita 6. Inauma, lakini inavumilika. Sasa mwingize mjini kwenye foleni, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mwendo unahitaji kilowati 7 au 8 tu, na hita bado ni 6. Karibu nusu ya umeme unaotoka ni wa kuota moto. Kisha anafika dukani, anazima, gari linapoa lote, akirudi anaanza upya. Ndiyo sababu safari fupifupi za mjini ndizo zinazowatoa machozi wale jamaa kuliko barabara kuu.

Kuna woga mmoja, hata hivyo, ambao tunauona umekuzwa: kwamba ukikwama kwenye theluji na gari la umeme utaganda hapo hapo. Chumba kikishapata joto, hita hupunguza. Tuseme inakula kilowati 3. Betri ya 131 iliyojaa nusu ingemweka mtu kwenye joto kwa zaidi ya saa 20. Wenye uzoefu hawachezei hata hizo: wanawasha joto la viti na la usukani, ambavyo hula wati makumi tu, na kuiacha hewa ya ndani iwe ya ubaridi kiasi. Asubuhi wanalipasha gari likiwa bado kwenye chaja nyumbani, ili joto la kwanza, lile ghali, lilipwe na umeme wa ukutani.

Halafu kuna pampu ya joto, na hapa mtuvumilie, sisi watu wa AC hatuwezi kuipita kimya. AC ya gari lako inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Igeuze njia ya gesi, kwa valvu tu, na kompresa ileile itaanza kuokota joto nje na kulileta ndani. Hata hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri ina joto la kuokota, kwa sababu gesi yenyewe ikipanuka inakuwa baridi kuliko hiyo hewa. Kwa kilowati moja ya umeme unaweza kupata mbili au zaidi za joto. Baridi ikizidi sana faida hupungua, na koili inabidi isaidie. Hiyo Ford ilitoka bila pampu ya joto, ikawekewa kwenye modeli ya 2024. Kwa hiyo mkitazama video, ulizeni kwanza pikapu ni ya mwaka gani.

Mlaji wa pili ni betri yenyewe. Ndani yake chembe za lithiamu huogelea kwenye kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi hukifanya kimiminika kizito, chembe zinachelewa, na umeme mwingine unapotea humo humo ndani. Chini ya sifuri kuna hatari zaidi wakati wa kuchaji: lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafaiti, ile kaboni ya upande mmoja wa betri inayoihifadhi, inajipaka juu yake kama madini, na ikishajipaka hivyo nyingine hairudi kazini tena. Kompyuta ya betri inalijua hilo, kwa hiyo inakataa kuchaji haraka mpaka betri ipate joto, na hata breki za kurudisha umeme, zile zinazochaji betri gari likipunguza mwendo, inazipunguzia kazi. Januari 2024 Chicago ilipopigwa na baridi kali, magari ya umeme yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya kuchajia, na mengine yakaishia kuvutwa. Betri zilifika zikiwa baridi, kila gari likachukua muda mrefu, na waliokuwa nyuma wakazidi kuisha chaji huku wakijipasha.

Tairi hupungua presha, hewa nzito inasukuma gari nyuma, theluji nayo inakamata magurudumu. Hayo hula kidogo kidogo, tuyaache.

Sasa rudini Malindi. Kule nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri na dereva anataka 20 ndani: gari linapigana na tofauti ya nyuzi 45. Hapa Februari, Kaskazi ikiwa kali, nje ni kama 33, nawe unataka 24. Tofauti ni 9. Hilo ndilo jibu la swali la Garsen. AC ikishapoza chumba haili hata robo ya kile ambacho hita ya Kanada inakula ikianza kazi. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima magari matano ya umeme na kutoa matokeo 2019: kwenye baridi ya kama nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, safari ilipungua kwa wastani wa asilimia 41. Kwenye joto la 35, AC imewashwa, ilipungua asilimia 17. Na hiyo 35 ni moto kuliko siku zetu nyingi.

Wauza samaki hutuuliza pia kuhusu friza nyuma ya pikapu. Friza ya kawaida, ikishagandisha, kwa wastani haifiki hata wati 200. Kutoka ufukweni hadi hotelini, hata ukizungukia Watamu, betri kubwa haitasikia chochote. Friza hiyo isikutishe. Tishika na bei ya pikapu.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni kingine. Baridi humnyang'anya dereva kilomita za leo, lakini hewa ikipata joto tena kilomita nyingi zinarudi. Joto halirudishi. Betri ya lithiamu inapenda takriban nyuzi 15 hadi 35, na hewa yetu iko humo humo; shida ni jua la saa saba, lami, na gari lililofungwa. Ndani ya seli kuna kemikali zinazokula lithiamu polepole kila siku, gari likitembea au likilala, na joto huzifanya zikimbie. Zinakimbia zaidi betri ikiwa imejaa pomoni. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf kule Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kuwa vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vinapotea mapema. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na jangwa la Arizona lilikuwa halina hewa baridi ya kuipa.

Leaf ndilo gari la umeme la mtumba ambalo ni rahisi kulipata kutoka Japani, kwa hiyo habari hiyo inatuhusu kuliko theluji. Ushauri tunaoutoa kila siku ni huu: egesha kivulini, chini ya banda la makuti au mwarobaini. Usijaze asilimia 100 kisha ukaliacha wiki nzima. 80 inatosha kwa shughuli za mji, na 100 iwe ya usiku wa kuamkia safari ya Mombasa. Ukirudi safari betri ikiwa na moto, liache lipoe, chaji usiku. Usiku ni nafuu pia kwa aliyeingia kwenye bei maalumu ya umeme wa magari ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, iliipitisha 2023. Wenye tuktuk na magari ya betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) msichukue hilo la 80 kama sheria: betri hizo huvumilia kujazwa, na watengenezaji wengi hutaka zijazwe mara kwa mara ili kompyuta isipotee hesabu. Someni kijitabu chake.

Tazameni na plagi. Gari likichajiwa kwenye soketi ya kawaida linavuta umeme mwingi kwa saa nane, kumi, mfululizo, jambo ambalo pasi haifanyi. Tumeletewa plagi za miguu mitatu ambazo mguu mmoja umegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imelainika kama nta. Iliyofika hapo haisuguliwi kwa msasa. Inatupwa pamoja na soketi yake, na waya wa ukutani unapimwa.

Baridi ya watu inatufikia Malindi kwa mlango mmoja tu, nao ni bandari. Gari lililotumika Uingereza au kaskazini mwa Japani limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Betri yake inaweza kuwa nzima, kwa kuwa haikupigwa na joto, huku chini kutu imeshakula bolti, mabomba ya breki na mashikio ya springi. Likifika hapa linakutana na chumvi ya bahari, na kwa wanaobeba mizigo Gongoni, chumvi yenyewe kwenye magunia. Kabla hujalipa, lala chini na tochi ulitazame. Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu itie shaka. Mara nyingi imepakwa juu ya kutu.

Usilipie zaidi vikorokoro vya nchi za baridi. Mama mmoja anayetuletea gari lake alifika akiwa na hofu kuwa betri inaunguza kiti, na kweli kiti kilikuwa cha moto. Kando ya usukani kulikuwa na kitufe chenye picha ya kiti na vistari vitatu vinavyopanda, taa yake ndogo inawaka. Mjukuu alikibonyeza. Tulikizima, akacheka hadi machozi, na sasa kimezibwa kwa kipande cha utepe mweusi.

Na wale wanaotuuliza jinsi ya kuileta pikapu ya kwenye video: zinazotengenezwa Marekani zina usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Tafuteni za usukani wa kulia, kama Maxus T90EV iliyouzwa Uingereza, na mkumbuke gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Kupima betri ya gari lililotumika tunakupimia hapa gereji. Lilete asubuhi, betri ikiwa kati ya 40 na 80, na lisiwe limetoka kuchajiwa. Tunachomeka kifaa, tunasoma afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli, kisha tunalipandisha tuone chini pamoja nawe. Seli hatubadilishi, hatuna vifaa vyake. Ikibidi tutakuambia hivyo kabla hujatoa pesa. AC tunatengeneza kila aina, ila ya gari la umeme usiikubali kujazwa oili ya kawaida ya kompresa popote pale. Kompresa yake inakaa kwenye umeme mkubwa, na oili isiyo yake inapitisha stima.