Msiwapake watoto pilipili vidoleni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu. Wiki iliyopita, kwenye nyumba tunayopanga hapa Tandika, mama mmoja alimpaka binti yake pilipili vidoleni. Mtoto yuko darasa la sita. Ananyofoa kope na nyusi zake, jicho la kushoto halijabaki na kope hata moja. Alijisahau akajishika jicho. Kile kilio bado ninacho masikioni, maana na mimi nilianzia umri ule ule.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38. Nilianza kunyonyoa nywele za utosini nikiwa na miaka 12. Shuleni tulikuwa tunanyoa, kwa hiyo hakuna aliyejua; nikikosa nywele nilichubua ngozi ya vidole mpaka damu. Nilipomaliza kidato cha nne nikafuga nywele, ndipo siri ikatoka. Msusi alinivua mtandio akapaza sauti mbele ya wateja: "Dada, una mapunye!" Niliondoka bila kusukwa. Nikapaka dawa ya fangasi kwa miezi, nikanyweshwa kombe kwa sababu bibi alishasema ni jini, na mkono ukaendelea kupanda kichwani. Dawa ya fangasi ingesaidia nini, na fangasi hapakuwa nao?

Daktari wa ngozi ndiye wa kwanza kuniuliza taratibu: "Unazing'oa mwenyewe?" Nililia. Akaniambia ugonjwa huu una jina tangu 1889, alioupa daktari Mfaransa, Hallopeau: trikotilomania. Kuchubua ngozi ni ndugu yake. Akanipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia, naye akanifundisha njia ya kuacha mazoea ambayo wanasaikolojia Azrin na Nunn wa Marekani waliieleza mwaka 1973.

Kwanza, ujue mkono unapanda lini. Nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja nikawa naandika saa na mahali. Nikiwa kwenye cherehani, sishiki kichwa kabisa. Saa mbili usiku, taarifa ya habari, kiwiko kikiegemea kochi: hapo ndipo. Na kwenye foleni ya barabara ya Kilwa, nikikaa dirishani. Pili, mkono ukianza kupanda, unakunja ngumi na kuikaza dakika moja au zaidi, mpaka hamu ipungue. Ilinichukua miezi kuzoea. Siku hizi nakaa katikati ya kochi, nimeshika kipande cha kitenge, kidole gumba na cha shahada nimevifunga plasta. Wiki ngumu bado zipo. Mwezi tuliomzika mama nilinyonyoa nywele zilizoota mwaka mzima.

Mtoto huyo si mkaidi, wazazi wenzangu. Pilipili, viboko na kumwita kichaa vinamwongezea aibu tu, ataenda kunyofoa chooni msikomwona. Na kama anazimeza nywele, wahini hospitali: hazisagiki tumboni, zinaweza kujikusanya zikawa bonge la kutolewa kwa upasuaji. Na nyinyi wasusi, mkikuta kipara kwa mteja, muulizeni kwa sauti ya chini.

Yule binti jioni anakuja kibarazani kwangu, ananichambulia vifungo kwa rangi. Mama yake amekubali twende naye kliniki Jumatatu.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam