Parachichi linunuliwe kwa kilo na kwa ukomavu

Kwa Mhariri,

Kila mwisho wa mwaka usafirishaji wa parachichi za Kenya kwa meli unaposimamishwa ili kuzuia matunda machanga, lawama huenda kwa walewale: dalali mlafi, mkulima mwenye pupa, mkaguzi aliyelala. Lakini tunda changa huchumwa kwa sababu ya hesabu ya pesa. Hesabu hiyo isipobadilika, hata marufuku yawe makali vipi, msimu ujao tutayasikia tena.

Soko letu kubwa la parachichi aina ya Hass ni Ulaya. Kuanzia Mei hadi Agosti, Peru hulijaza soko hilo kwa matunda ya mashamba makubwa yanayomwagiliwa kwenye jangwa la pwani yake, na bei hushuka. Msimu wetu mkuu, Machi hadi Septemba, unagongana na wa Peru. Katoni yenye faida ni ile inayofika kabla Peru haijaanza kupakia kwa wingi, na kila mtu kwenye biashara hii analijua hilo. Ndiyo maana madalali huingia mashambani Januari, wakati miti mingi ya sehemu za juu zenye baridi bado haijafikia kiwango.

Kiwango chenyewe si siri. Kwa Hass, Kenya inadai asilimia 24 ya mada kavu, yaani sehemu ya nyama ya tunda inayobaki maji yakishakauka. Chuma matunda 10 yanayolingana ukubwa kutoka miti tofauti. Menya, toa kokwa, kwaruza nyama nyembamba, changanya, kisha pima gramu 10. Kausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, ukipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Moto ukiwa mkali, sampuli huungua na kipimo kinadanganya. Zikibaki gramu 2.4, tunda limefika. Zikibaki gramu 1.9, tunda hilo halitaiva sawasawa: ganda litanyauka na nyama itakuwa kama mpira. Mnunuzi aliyepokea kontena la namna hiyo hupunguza bei ya makontena yanayofuata kutoka Kenya, hata yale yaliyochumwa kwa uangalifu. Kuchelewa nako kuna hasara yake, kwa kuwa tunda lililopita asilimia 30 huanza kulainika safarini.

Sasa tazama jinsi tunavyonunua. Dalali humlipa mkulima kwa kila tunda. Kwenye katoni ya kilo 4, saizi 14 ni matunda 14 ya karibu gramu 285 kila moja, na saizi 24 ni matunda 24 ya gramu 165 hivi. Huko sokoni saizi hizi hazina bei moja, lakini shambani zote ni tunda moja, bei moja. Kwa nini basi mkulima asubiri wiki sita tunda liongeze uzito na mafuta, huku akihofia wezi na upepo? Kwa nini apogoe miti au anyunyizie maji? Dalali naye amekodi gari na wachumaji kwa siku moja, kwa hiyo huuvua mti mzima, komavu na changa pamoja, mara nyingi kwa kunyofoa badala ya kukata kikonyo kwa mkasi. Tunda lililonyofolewa huachwa na kidonda, na uozo huanzia hapo hapo.

Wapo wanaosema mizani haiwezekani vijijini. Mkulima huyu huyu wa Murang'a hupimiwa majani chai na kahawa kwa kilo. Inawezekana, na imekuwa ikifanyika miaka mingi.

Safari ya baharini imezidisha gharama ya uzembe huu. Kabla ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023, kontena lilifika Ulaya kwa wiki nne hivi. Kuikwepa bahari hiyo kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, huongeza wiki mbili au zaidi. Tunda lililopoozwa mapema hadi nyuzi 5 au 6 na kuwekwa kwenye kontena linalodhibiti hewa linaweza kustahimili. Lililokaa juani kwenye pikapu siku nzima haliwezi. Masoko ya Ghuba, India na China hayapitii Bab el-Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, na China ilitufungulia mlango wa parachichi bichi mwaka 2022. Huko ndiko tunakopaswa kuongeza nguvu, mradi mashamba yasajiliwe na nzi wa matunda wadhibitiwe kwa mitego.

Kuna pia thamani ya shilingi, jambo ambalo wakulima hawaelezwi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Tuseme msafirishaji anabakiwa na dola 8 kwa katoni: zilikuwa shilingi 1,280, zikawa 1,040. Hizo ni shilingi 60 kwa kila kilo, na hakuna aliyeziiba. Ongeza kuwa pesa zake hukwama karibu miezi mitatu, tangu kuchuma hadi kulipwa, huku riba ya benki, iliyokuwa zaidi ya asilimia 15 mwaka 2024, ikiendelea kuhesabiwa. Anayebebeshwa hasara hiyo mwishowe ni mkulima, kwa kuwa hana mkataba.

Ninapendekeza mambo manne. Kurugenzi ya mazao ya bustani ipime mada kavu kwa kila wadi na kutangaza matokeo kila wiki redioni na kwa ujumbe wa simu, kwa sababu sehemu za chini zenye joto hukomaa mapema kuliko za juu na tarehe moja ya taifa zima inawaonea wote. Ununuzi kwa tunda upigwe marufuku. Leseni ya msafirishaji ifungamanishwe na risiti za kilo na saizi. Na mikataba iandike bei ya mkulima kama sehemu ya bei ya dola, ili shilingi ikishuka afaidike na ikipanda ajue kwa nini amepunguziwa.

Mizani na vifaa vya kupimia viwe vituoni kufikia Desemba, kabla madalali hawajaanza kuzunguka.

Mdau wa kilimo cha matunda,
Murang'a