Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Gemu Zisizo na Msemaji

Assalaam aleikum warahmatullah. Wazee wetu mliokubali kuja kuketi nasi, wazazi, ndugu wanachama wa chama chetu cha gemu hapa Lamu, na nyinyi vijana wa nyuma ambao nawaona mmeshazishika simu zenu.

Katiba inanitaka nisome taarifa hii mara moja kwa mwaka. Mweka hazina atanifuata na hesabu zake, kwa hiyo fedha sitazigusa ila pale nitakapoziomba. Mambo ya kawaida niyapitishe upesi. Wanachama wapya tumepata, wengi wao wa Langoni, na kwa mara ya kwanza wasichana wana siku yao wenyewe baada ya madrasa. Chumba ni kile kile cha kupanga. Ramadhani tulifungua baada ya tarawehe tu, na wakati wa Maulidi hatukufungua kabisa, kama ada yetu. Umeme ulipokatika tulitoka barazani tukacheza bao, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba baadhi ya mabingwa wetu wa kompyuta hawajui hata nyumba ni shimo lipi. Hilo nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina kazi ndani yake.

Kubwa lililo mbele yetu ni azimio la mkutano uliopita. Mliituma kamati ikatafute gemu nyingine zaidi ya mpira. Sina ugomvi na mpira. Mimi mwenyewe hunikuti nyumbani fainali ikichezwa. Lakini mwanachama anayelipa ada mwaka mzima ili acheze mechi ile ile kwa timu zile zile, huyo angebaki kwenye kibanda cha PlayStation akalipa kwa saa, ingemtoka rahisi zaidi.

Kamati ilijiwekea masharti. Gemu iende kwenye laptopu zetu za mtumba bila kuganda. Ikishaingia isidai bando. Iwe kazi ya watu wachache, ambao kwao mauzo ya nakala moja yana maana. Akina mama wakaongeza la kwao: isiwafanye watoto wapige makelele usiku. Hilo la mwisho tumelitimiza nusu.

Tulichokigundua ni kwamba gemu nzuri si adimu. Zimefunikwa tu. Mwaka 2023 peke yake Steam, duka la gemu la mtandaoni, liliingiza gemu mpya zaidi ya 14,000, yaani karibu 40 kila siku ya Mungu, Ijumaa na sikukuu ndani yake. Wenye fedha za matangazo huonekana. Wengine huzama siku waliyozaliwa. Tena duka lile halionyeshi muhtasari wa alama za wachezaji mpaka gemu ipate maoni kumi ya walioinunua. Kumi tu! Baraza moja la hapa Mkomani jioni lina watu zaidi ya hao. Liwekeni akilini, maana maombi yangu yote yanatoka hapo.

Iliyotushika kuliko zote mwaka huu ni Return of the Obra Dinn, ya mwaka 2018. Aliyeitengeneza ni Lucas Pope, Mmarekani aishiye Japani, karibu peke yake, kwa zaidi ya miaka minne. Huko nje imepata tuzo kubwa, lakini hapa Lamu hatukumkuta hata mmoja aliyewahi kuisikia. Kisa chenyewe ni cha meli ya biashara ya Kampuni ya East India iliyopotea mwaka 1803, kabla haijaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha mwaka 1807 ikarudi yenyewe Uingereza bila nafsi hai. Wewe ni mkaguzi wa bima. Una daftari lenye majina 60 na picha za watu 60, na una saa ya mfukoni ambayo ukiifungua kando ya maiti unasikia sauti za dakika yake ya mwisho, kisha unasimama ndani ya tukio lenyewe lililogandishwa. Huwezi kugusa wala kuzuia kitu. Kazi yako ni kutazama: huyu ni nani, amekufaje, nani kamuua. Ukipatia watu watatu, daftari linawathibitisha. Ukibahatisha, halisemi neno.

Michoro yake ni nyeusi na nyeupe, mfano wa kompyuta za zamani, na usiku wa kwanza vijana waliicheka. Wiki ya pili hakuna aliyekuwa anacheka. Tulipokwama alikuja mzee wetu mmoja aliyesafiri na majahazi hadi Arabuni ujanani mwake, akaketi nyuma bila kugusa pedi, akaanza kusoma meli ile. Huyu, akasema, hawezi kuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia, hebu tazameni amesimama wapi watu wakivuta kamba. Yule analala kwenye machela namba hiyo, basi tafuteni namba hiyo kwenye orodha. Yule mwingine mavazi yake si ya baharia, ni ya mtu wa jikoni. Ndani ya meli ile wamo Wahindi, Wachina, Warusi, hata Mwajemi, na kila mmoja hutambulika kwa kilemba, chale, lahaja au kundi analokaa nalo. Kiingereza chetu hakikutosha kuzitofautisha lahaja, lakini macho ya mzee yalitosha. Sijaona gemu nyingine ambayo mtu wa miaka sabini na kijana wa kidato cha pili wanaicheza kwa usawa. Tahadhari kwa wazazi: kuna damu, na kuna viumbe vya baharini ambavyo mimi mwenyewe sikuvipenda. Chini ya miaka kumi na mitano hatuwaruhusu.

Kwa wadogo tuliwawekea A Short Hike ya mwaka 2019, kazi ya Adam Robinson-Yu wa Kanada, aliyeiandika katika miezi michache alipochoshwa na gemu nyingine kubwa aliyokuwa nayo mkononi. Ndege mdogo aitwaye Claire anasubiri simu muhimu, na pale alipo hakuna mtandao, basi inambidi apande mlima mpaka kileleni. Watoto wa visiwani hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Njiani anaokota manyoya ya dhahabu yanayomwezesha kupanda na kuruka juu zaidi, anavua samaki, anaongea na wapita njia, wala hakuna wa kumpiga. Inaisha kwa saa moja na nusu hivi ukienda moja kwa moja.

Ufupi huo umetuletea mjadala ambao kamati iliniagiza niuseme wazi. Steam humrudishia mnunuzi pesa zake akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa mbili. Sharti hilo ni zuri, linamlinda mtu na gemu mbovu. Lakini mwanachama mmoja aliimaliza A Short Hike, akaisifu barazani, kisha akatuambia kwa fahari kwamba amerudishiwa pesa. Hakuvunja kanuni ya duka, na jina lake silitaji. Ila mpishi ukishafuta sahani yake kwa mkate humdai nauli ya kurudi nyumbani. Naomba mkutano uamue kwamba pesa za chama hazirudishwi kwa gemu iliyomalizwa.

Mini Motorways ya Dinosaur Polo Club wa New Zealand haikuhitaji kusukumwa. Unachora barabara za kuunganisha nyumba na majengo ya rangi zake. Kila wiki ya mchezo unapewa vipande zaidi vya barabara pamoja na daraja, mzunguko au taa. Msongamano ukikushinda umekwisha. Moja ya miji yake ni Dar es Salaam. Fikirieni watoto wa mji ambao vichochoro vyake ni vya punda na mikokoteni wakigombania namna bora ya kuondoa foleni ya Dar. (Pikipiki za ufukweni tusizianze leo, ajenda ni ndefu.) Hii ndiyo iliyopigiwa makelele usiku.

Sasa nije kwa za Afrika, ambako nitasema zaidi kidogo kuliko alivyotaka katibu.

Tales of Kenzera: ZAU ilitoka Aprili 2024. Kiongozi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeibuni baada ya kufiwa na babake. Kijana mganga aitwaye Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo katika hadithi ile, ili arudishiwe babake. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kila kimoja kina namna yake ya kupigana. Masheikh wasiwe na wasiwasi, ni ngano, kama za majini tulizolelewa nazo. Lakini lililotushtua ni jingine: sauti zake zote zinapatikana kwa Kiswahili. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua, na wahusika wanaongea lugha yako tangu mwanzo hadi mwisho. Chumba kizima kilinyamaza, kisha mmoja akalalamika kwamba mbona hawasemi Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Hatutosheki sisi.

Gemu hiyo ilivunja sharti letu la kwanza, kwa sababu laptopu zetu haziiwezi, na tuliicheza kwenye PS5 ya mwanachama aliyekuja likizo kutoka Mombasa. Ilivunja na la tatu kidogo, kwani nyuma yake yuko mchapishaji mkubwa, EA. Naitaja kwa makusudi. Ilitangazwa jukwaani kwenye The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu, Desemba 2023, mbele ya watazamaji wa dunia nzima, na bado miezi michache baada ya kutoka studio yake, Surgent, ilipunguza wafanyakazi. Kutangazwa siku moja hakutoshi. Na sisi wenye lugha yenyewe tulikuwa wapi? Tulikuwa tunacheza mpira.

Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ya mwaka 2016, imetoka Yaoundé, Kamerun, kwa studio ya Kiro'o. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa, anakwenda uhamishoni na mkewe Erine, na nguvu yao ni urithi wa mababu. Mapigano yake ni matamu na rangi zake hazina mfano. Maneno ni mengi mno, tena yote ya Kiingereza au Kifaransa. Wengi wetu tuliishia njiani, na siwalaumu. Ila kampuni iliyojengwa Afrika ya Kati wakati watu wakisema haiwezekani, ikauza hisa kwa watu wa kawaida ili ipate mtaji, inastahili angalau ijaribiwe na chama kilichoanzishwa kwa michango kama hiki.

Kutoka Afrika Kusini tulipata mbili. Semblance ya Nyamakop wa Johannesburg, mwaka 2018, ni ya kuruka vizuizi, ila ardhi yenyewe ni laini: unaikandamiza au kuiinua upate njia. Ni fupi, ina werevu, basi. Studio hiyo hiyo mwaka 2025 ilitangaza Relooted, kuhusu kikundi kinachozichukua tena hazina za Afrika kutoka makumbusho ya Magharibi. Ndugu zetu Wapokomo, ambao ngoma yao takatifu ya Ngadji iko British Museum tangu enzi ya ukoloni, wana haki ya kuipokea kwa hamu kuliko mtu yeyote.

Nyingine ni Terra Nil ya Free Lives wa Cape Town, ya mwaka 2023. Hapa hujengi mji. Unapewa ardhi iliyokufa, unaisafisha udongo, unarudisha maji, majani, wanyama. Kisha, na hapa ndipo penye akili, unabomoa mitambo yako yote na kuondoka, ibaki ardhi peke yake. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na humu ndani tunao vijana wanaopanda miche yake kwa mikono. Walikuwa wa kwanza kuuliza kwa nini miradi yote haiishi hivyo. Mashine ikiwa kongwe sana inasuasua, kwa hiyo ijaribuni kabla ya saa mbili kwisha, na hapo kurudishiwa pesa ni halali.

Maombi yangu sasa. Kwanza, chama kinunue gemu moja ndogo kila robo mwaka. Kulipa si tatizo tena, kadi ya M-Pesa GlobalPay inatosha, ila bei zinaandikwa kwa dola, kwa hiyo tungoje ofa. Pili, anayeimaliza gemu aandike maoni yake dukani, mistari michache, kwa Kiswahili. Msitafsiri. Mtu wa Tanga au Unguja anayepita pale ajue kwamba kuna mwenzake aliyecheza. Tatu, flashi za kunakilishana zikome ndani ya chumba hiki. Najua hoja ya kwamba Mzungu hataona pengo. Hao wa Yaoundé na Johannesburg wataliona.

La mwisho ni lile la bao. Vijana wetu watatu wanatengeneza bao la Kiswahili kwenye kompyuta, kwa Godot, ambayo ni programu ya bure ya kutengenezea gemu. Ubao wamechora: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Wamekwama kwenye sheria, kwa sababu kila baraza linawapa sheria tofauti za nyumba, na kompyuta haikubali majibu mawili. Wanahitaji wazee wawili wa kukaa nao baada ya isha, siku za Jumatatu, mpaka wakubaliane. Waliotayari watoe majina kwa katibu kabla hatujaingia kwenye uchaguzi. Na pedi zilizoazimwa wakati wa likizo zirudishwe wiki hii.