Mafundi wa magari ya haibridi wafundishwe kwanza kuzima umeme

Mhariri,

Vyuo vya ufundi vinapopanga kozi za magari ya umeme, tunaviomba vianze na magari ambayo tayari yanaingia katika gereji zetu: Toyota Aqua, Prius na haibridi nyingine (magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) zilizotumika Japani. Somo la kwanza lisiwe kusoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta. Liwe kuzima umeme mkubwa na kuhakikisha umezimika.

Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28, yaani betri ndogo ndogo zilizoungwa mfululizo, za volti 7.2 kila moja, jumla volti 201.6, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, huipandisha hadi volti 500. Fundi aliyezoea volti 12, anayejaribu waya kwa balbu au kwa kugusisha aone cheche, mazoea yake ndiyo yatakayomuua. Tena gari likiwa limewashwa linaweza kuwa kimya kabisa, kisha injini ikajiwasha mkono wa fundi ukiwa ndani ya boneti.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Zima gari na uweke ufunguo mbali nalo. Tenganisha waya hasi wa betri ndogo ya volti 12. Chukua glavu za mpira za daraja 0, zinazotumika hadi volti 1000, zikunje kuanzia mdomoni na uzibane. Ikivuja hewa hata kidogo, usiivae. Chomoa plagi ya usalama, ile inayokata umeme wa betri kubwa, uiweke mfukoni mwako, mwenzako asije akairudisha. Subiri dakika 10 ili kapasita za inveta, ambazo hubaki na umeme hata betri ikikatwa, zipoteze chaji. Ndipo upime: multimita, kifaa cha kupimia umeme, ianze kwenye betri ndogo uone inasoma, iende kwenye inveta, halafu irudi kwenye betri ndogo. Kurudi huko ndiko kunakorukwa, na multimita iliyoharibika nayo husoma sifuri.

Mwanafunzi aelewe pia kwamba plagi haiui betri. Inakata mnyororo wa moduli mahali pamoja tu, kwa hiyo katika moduli 28 lazima upande mmoja ubaki na volti 100 au zaidi. Akifungua kasha la betri bado anafanya kazi kwenye umeme hai, na glavu hazivuliwi.

Hitilafu inayostahili saa nyingi darasani kwa nchi zetu ni vumbi. Feni ya betri huvuta hewa ya ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma. Njia ikiziba, moduli za katikati hupata joto kuliko za pembeni na huchoka mapema, kisha unatokea msimbo P0A80, unaosema betri kubwa imechoka na ibadilishwe. Gereji nyingi hubadilisha moduli moja mbovu na kumrudishia mteja gari. Hiyo si tiba. Moduli mpya haitalingana na wenzake waliochakaa, na hitilafu itarudi. Kila moduli ichajiwe na kumaliziwa chaji mara kadhaa, uwezo wake uandikwe, zinazolingana zipangwe pamoja, vibao vya shaba visafishwe kutu, na nati zikazwe kwa spana ya kipimo, niutoni-mita 5.4. Ukizidisha, unaharibu skrubu ya moduli. Na feni isafishwe, la sivyo kazi yote ni bure.

Mafundi wa AC nao wasiachwe nje. Kompresa ya magari haya huendeshwa na umeme mkubwa na hutumia oili ya ND-11. Ukiweka oili ya kawaida ya PAG, kinga ya umeme ndani ya kompresa hushuka, umeme huvuja kwenye bodi na gari hutoa P0AA6, msimbo wa uvujaji huo. Hata mashine ya kujazia gesi iliyobaki na oili ya gari jingine inaweza kuleta balaa hilo.

Vifaa vya mafunzo visiwe kisingizio. Betri chakavu za Prius zinatosha kufundishia, mradi zishikwe kama nzima. Panapostahili fedha ni kwenye glavu, ambazo zipelekwe kupimwa kila baada ya miezi 6, na kwenye multimita za daraja la usalama la CAT III za volti 1000. Mwanafunzi asipewe cheti kabla ya kuzima gari halisi peke yake mbele ya mtahini, hatua kwa hatua, na akiruka kipimo kimoja arudie mtihani wote.

Mafundi wa magari ya haibridi,
Dar es Salaam