RISALA YA KLABU YA UANDISHI WA PROGRAMU KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAONESHO YA KAZI ZA WANAFUNZI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu yetu imefanya kazi moja kubwa: imetunga lugha.

Si lugha ya kushindana na Java wala Python, ambazo ni lugha za kuandikia programu za kompyuta za kazi zote. Yetu inajua taa za kuongozea magari kwenye makutano ya barabara, basi. Ina njia, taa, awamu na muda. Lugha za aina hii, za kuchorea mifumo ya fani moja tu, wataalamu huziita lugha mahususi za uundaji modeli, na hatukuzianzisha sisi. Wahandisi wa magari na ndege huchora mifumo ya udhibiti kwa programu iitwayo Simulink, kisha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, katika lugha ya C huzalishwa kutokana na mchoro wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza iliyo kulia kwako kuna mchoro wa makutano. Ukizipa njia mbili zinazokatana taa ya kijani kwa wakati mmoja, kihariri, yaani programu yetu ya kuchorea, kinakataa: mistari yote miwili inageuka myekundu na maneno yanatokea, "Njia hizi zinagongana." Kosa hilo hilo ukiliandika kwa C linapita bila kelele, kwa sababu kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, haijui gari ni kitu gani. Sisi kanuni hiyo tumeiandika mara moja tu, ndani ya metamodeli, yaani sarufi inayoamua kipi kiungane na kipi. Mchoro ukishakubalika, jenereta, yaani programu yetu ya kuzalisha msimbo, inaandika msimbo, na msimbo huo haturuhusu mtu auguse kwa mkono. Anayetaka mabadiliko arudi kwenye mchoro.

Wapo wenzetu waliotuuliza kwa nini tusitumie UML, lugha ya kuchorea miundo ya programu za kompyuta. Lugha hiyo, iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya teknolojia ya kompyuta, mwaka 1997, inawafaa sana waandishi wa programu wanapotaka kuelewana wao kwa wao. Lakini visanduku na mishale yake havijui tofauti ya kijani na nyekundu, na mhandisi wa barabara akiviona anakunja uso.

Changamoto hazikukosekana. Tulipotaka kuongeza kitufe cha waenda kwa miguu, lugha yetu haikuwa na dhana hiyo. Ikabidi tubadilishe metamodeli, tubadilishe jenereta, na michoro ya zamani ikagoma kufunguka hadi tulipoandika programu ya kuihamishia kwenye toleo jipya. Kwa maoni yetu, mwenye makutano mamoja asijisumbue kutunga lugha. Aandike programu yake amalize. Faida huonekana mifumo inayofanana inapokuwa mingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi huomba kompyuta. Zetu zinatosha. Tunachokuomba ni mhandisi wa barabara atakayekaa nasi, kwani yapo mambo tunayabahatisha: taa ya njano iwake kwa muda gani, na kitambuzi cha magari kikiharibika taa zifanye nini. Vilevile tunaomba kidhibiti halisi cha taa, hata kilichokwisha kuondolewa barabarani, maana hadi leo msimbo wetu umeendeshwa kwenye programu ya kuigiza tu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama